Jinsi Finlandi na Estonia Zilivyovunja Uhusiano Butembo

Jumanne moja ya mwezi wa tatu, mwaka 2000, kwenye mteremko baada ya Alimbongo, shirika letu lilipoteza gari moja jeupe, masanduku ya barafu yenye chanjo za surua, na dereva mmoja. Gari lilikuwa bovu tangu mwanzo. Chanjo ziliharibika barafu ilipoyeyuka. Dereva alikuwa Muzee Mbusa, aliyenifundisha kazi, na ni kwa ajili yake ninaandika haya.

Nimestaafu. Madereva vijana wa garaji yetu waliniambia, "Muzee Kasereka, andika kitu, tusome wakati gari imekwama." Kwa kuwa barabara zetu bado ni zilezile, naona watakuwa na muda wa kutosha wa kusoma. Sitaandika habari za mshahara, kwa sababu hazina utamu. Wala za kupandishwa cheo, kwa sababu dereva akipandishwa cheo anapewa gari kubwa zaidi la kukwama nalo.

Nilitoka Bungulu, Beni, ambako baba yangu alitengeneza baiskeli. Nilisoma hadi darasa la sita, nikajua kuandika, kuhesabu na kukaa kimya. Katika udereva, hilo la tatu ndilo lililonisaidia zaidi. Vita vya kwanza vilikuwa vimepita, vya pili vimeanza, na tulikuwa chini ya waasi waliogawanyika mara kwa mara na kubadilisha majina, hata mtu hakujua amtii nani asubuhi. Nilifika Butembo juu ya lori la mafuta ya mawese, nikinuka kama kikaango.

Siku ya kwanza Muzee Mbusa hakunipa ufunguo. Alinipa kitambaa.

"Pangusa kioo."

Nikapangusa.

"Sasa kaa hapa pembeni, usikilize."

"Nisikilize nini, muzee?"

"Gari. Iko inasema. Weye tu njo hujui luga yake."

Nilikaa pembeni hivyo wiki nyingi. Nilijifunza kusikia beringi inayolia kabla haijavunjika, na kujua kwa harufu kama ni klachi inayoungua au ni breki. Nilijifunza kushuka kwanza na kuingia matopeni kwa miguu kabla ya kuingiza gurudumu, kwa sababu tope la Lubero lina sakafu mahali pamoja na halina mahali pengine. Lakini somo kubwa la Muzee Mbusa lilikuwa vizuizi vya barabarani, ambavyo sisi tunaviita bariere.

"Matope utajifunza na miguu," alisema. "Bariere utajifunza na mudomo."

Simama kabla hujaambiwa. Teremsha kioo chote, si nusu. Mikono juu ya usukani ionekane, kofia chini. Salimia kwanza, uliza habari za nyumbani, kisha zima injini. Askari akicheka, cheka nyuma yake kidogo, usimtangulie. Na uwe na kichekesho. Muzee Mbusa alikuwa nacho kwa kila bariere. Kwa askari waliotoka mbali na kusema Kilingala, alikuwa na habari za mpira na bia. Kwa wale wa msituni, wapiganaji wanaonyunyiziwa maji na mzee wao ili risasi zisiwaingie, alikuwa na habari za wazungu wetu.

Hao wazungu lazima niwaeleze. Shirika lilikuwa na wawili Butembo, na kwa bahati ambayo sijaielewa mpaka leo, ofisi kubwa ya Ulaya ilituletea Mfini mmoja na Mwestonia mmoja. Dokta Jukka alitoka Finlandi. Alikuwa mrefu, mkuu wa chanjo, na alisema maneno machache kwa siku. Mengine aliyaweka akiba. Tiit alitoka Estonia. Alikuwa mfupi, mkuu wa magari, mafuta na redio. Kazi yake kwa Kifaransa inaitwa *logisticien*, nasi tukafupisha tukamwita Logi. Yeye alisema maneno yake yote na yale ambayo Dokta aliyabakiza.

Nchi zao zinatazamana kwa ng'ambo ya bahari ndogo. Lugha zao ni ndugu, kama Kinande chetu na Kikonzo cha wale wa ng'ambo ya mpaka wa Kasindi: ukimsikia unajua huyu ni wa kwetu, ila anasema kama ana kiazi cha moto mdomoni. Hata wimbo wa taifa muziki wake ni mmoja, maneno ndiyo mbalimbali. Logi alitueleza kwamba alipokuwa mtoto, nchi yake ikiwa imemezwa na Wasovieti, watu wa mji wao walielekeza antena upande wa Finlandi wakatazama televisheni ya jirani, na ndivyo alivyojifunza lugha ya Dokta. Dokta hakuwahi kujifunza lugha ya Logi. Alisema haikuwa lazima, kwa kuwa Logi anaijua yake. Sentensi hiyo isomeni mara mbili. Ndiyo iliyotuletea taabu.

Kwa kadiri tulivyojua, kila mmoja alikuwa raia pekee wa nchi yake katika Kivu ya Kaskazini yote. Basi kila mmoja alitundika bendera ndogo mlangoni pake, kama ubalozi. Milango yenyewe ilitazamana, katikati kuna ua wa kuanikia nguo.

"Papa," Kavira alimwambia Muzee Mbusa, "tuko na ambassade mbili mu kiwanja moja, na choo ni moja. Hii ni vita inakuya."

Kavira alikuwa mpishi wetu, hodari wa sombe, yaani kisamvu, na binti wa Muzee Mbusa. Baadaye akawa mke wangu. Aliondoka duniani mwaka juzi, na nyumba yangu sasa ina utulivu ambao sikuuomba. Hapa nitamwacha awe kama alivyokuwa siku zile: mwiko mkononi, na mdomo unaofika kabla yake.

Kitu kimoja tu mabalozi wale hawakubishania, nacho ni sauna, nyumba ya jasho. Nchi zote mbili zinayo na kila moja inaiheshimu karibu kama kanisa. Waliijenga pamoja nyuma ya garaji kwa matofali ya kuchoma, ndani wakaweka jiko la pipa na mawe ya mtoni juu yake. Kila Jumamosi alasiri waliwasha moto mpaka mawe yakawa mekundu, wakavua nguo zote, wakaingia, wakafunga mlango. Mmoja alimwaga maji juu ya mawe, mvuke ukajaa. Mwingine alimpiga mwenzake mgongoni na matawi ya mikaratusi. Kisha walitoka wekundu kama nyanya na kujimwagia ndoo ya maji ya Butembo, ambayo mnajua baridi yake. Majirani walipanda juu ya ukuta kutazama. Padri mmoja aliyepita njia alitazama kidogo, akafanya ishara ya msalaba, akaendelea na safari yake.

Muzee Mbusa aliingia mara moja, kwa udadisi. Alitoka akasema, "Nimeona mababu. Balikuwa banasema nirudi." Tangu siku hiyo akawa na kichekesho kipya cha bariere: bazungu bangu banajipikaka kila Jumamosi, banajimwangia maji, banapigana majani, na hapana kufa. Na mimi niliingia, angalia, niko muzima. Askari wa mjini walicheka wakashika mbavu. Wale wa msituni hawakucheka sana. Walisikiliza. Mtu anayetegemea maji katika vita, ukimwambia habari za maji, anaziweka moyoni.

Mwezi wa pili, siku ya uhuru wa Estonia, Logi alinunua mbuzi na kasikisi, ile pombe yetu ya ndizi, akatualika sote. Alisimama mbele ya bendera yake kuimba wimbo wa taifa. Dokta naye akasimama kwa heshima. Lakini muziki ulipoanza alishindwa kujizuia, akaimba maneno ya kwao, na kwa kuwa alikuwa mrefu na mwenye kifua kikubwa, Finlandi ikaizamisha Estonia katika sikukuu yake yenyewe.

"Leo!" alisema Logi kwa Kifaransa. "Hata leo!"

"Muziki ni mmoja," alisema Dokta.

"Siku ni yangu."

Hapo walianza mambo ya zamani. Dokta akasema Finlandi iliitambua Estonia tangu mwaka 1920, na haikuacha kamwe, basi mwaka 1991 Estonia ilipopata tena uhuru hakukuwa na haja ya kuitambua upya. Walirudisha tu mabalozi.

"Hamkuacha?" Logi alikuwa ameshika mguu wa mbuzi kama rungu. "Miaka hamsini mimi niko gerezani. Ndugu yangu anapita mbele ya dirisha anaangalia viatu vyake. Ninapotoka ananiambia, 'Lakini sikuacha kukutambua'!"

"Tulikuwa na jirani mkubwa."

"Nani alikuwa na jirani mkubwa? Mimi nilikuwa ndani ya tumbo lake!"

Habari za majirani wakubwa hazikuhitaji kutafsiriwa kwetu Wakongo.

Dokta, ambaye alikuwa amekunywa, alitoa neno moja kutoka kwenye akiba yake. "Wa kwanza kuwatambua mwaka 1991 walikuwa watu wa Islandi," alisema. "Basi nenda ukaoge nao."

Logi aliweka mguu wa mbuzi mezani. Akaenda nyuma ya garaji, akatia kufuli mlango wa sauna, akatia ufunguo mfukoni. Kavira akaniambia polepole, "Bamevunja relations. Anza kufunga koti, weye njo utakuwa ministre."

Hakukosea. Kuanzia kesho yake hawakusemezana, na mimi nikawa mjumbe. Walikula meza moja, kila mmoja kwenye ncha yake.

"Kasereka, mwambie Finlandi kwamba chumvi iko upande wake."

"Dokta, Logi anasema chumvi…"

"Nimesikia, nimekaa hapa. Mwambie Estonia kwamba taarifa imepokelewa."

Nilikuwa nimejifunza kazi ya kuchukua watu kutoka Beni hadi Lubero. Sasa nilichukua maneno kutoka kiti hadi kiti, na barabara hiyo ilikuwa na bariere mbaya zaidi. Muzee Mbusa alifurahi sana. Alinisaluti kila asubuhi na kuniuliza kama mpaka umefunguliwa.

Sasa vijana, sikilizeni, maana hapa kicheko kinapungua. Kwa desturi, gari halikwenda kusini mpaka Logi asikie kwenye redio habari za barabara, amwambie Dokta, na Dokta aamue. Jumatatu ile nilitumwa Beni kuchukua gesi ya friji, nikalala huko. Jumanne asubuhi Logi alisikia kwamba wale wa msituni wameshuka barabarani baada ya Alimbongo. Alisubiri mjumbe apite. Mjumbe hakuwepo. Dokta naye alisubiri mjumbe, akaona kimya, akahesabu kuwa kimya maana yake ni barabara nzuri. Akamwambia Muzee Mbusa apakie chanjo, aende. Kati ya mlango na mlango palikuwa na kamba ya nguo na kuku wawili.

Nilirudi alasiri nikakuta Logi ameketi kwenye ngazi za Estonia na Dokta ameketi kwenye ngazi za Finlandi, na Kavira amesimama katikati akitazama barabara.

Siku mbili hatukupata habari. Siku ya tatu habari ikaja na Mama Kahindo, muuza maharage wa Luofu, ambaye pande zote zilimruhusu kupita kwa sababu pande zote hula maharage. Alikaa jikoni, akanywa chai yote kwanza.

"Muzee eko muzima," alisema. "Bale ba musituni bamemukamata, banamupa viazi. Lakini Komanda wao anasema ile gari hapana maana kwake. Anataka ile dawa ya bazungu, ya mawe na maji. Muzee amesema ile dawa inafanyaka kazi na batu babili: umoja anamwanga maji, mwingine anapiga majani. Donc bakuye bote babili. Kama anakuya umoja, ni bongo, ametudanganya, na muzee ni espion, mupelelezi."

"Na kama ni espion?" aliuliza Kavira.

Mama Kahindo alianza kupanga maharage yake upya kwenye kikapu.

Kavira alifuta mikono. "Kasereka, ita ambassade zote mbili. Hapa, kwangu."

Walikuja. Aliwakalisha kwenye ubao mmoja mfupi, mabega yakigusana, yeye akabaki amesimama.

"Baba yangu eko musituni," alisema, "juu ya neno moja. 'Barabara imefungwa.' Ile neno ilikosa miguu ya kutoka kwa mulango hii mupaka mulango ile. Sasa semeni."

Dokta alikohoa. "Kasereka, mwambie Estonia…"

Kavira alipiga sufuria kwa mwiko hata kuku wakatoka mbio. "Hapana mwambie! Kasereka hapana redio!"

Dokta alitazama magoti yake marefu. Kisha akasema sentensi moja, polepole, akijikwaa kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Haikuwa Kifaransa, na haikuwa ile lugha yake. Nilikuwa nimewasikia vya kutosha kujua. Ilikuwa lugha ya Logi.

"Umesema vibaya," alisema Logi.

"Najua."

"Rudia."

Akarudia. Logi akamsahihisha mahali pawili, akapangusa pua kwa mkono wa shati, akasimama kwenda kutafuta mafuta ya gari. Sijui sentensi ile ilikuwa na maana gani. Sikuuliza. Muda si mrefu niliwasikia wakibishana uani juu ya tairi la akiba, uso kwa uso, bila mkalimani, na Kavira akaanza kutufungia viazi vya njiani.

Asubuhi tulipopita Lubero kwa gari la pili, Dokta na Logi walianza kubishana juu ya jambo zito zaidi.

"Sitasema kwamba inazuia risasi," alisema Dokta. "Vijana wataamini. Watasimama mbele ya bunduki."

"Tusiposema, mzee atakufa."

"Najua."

"Basi?"

"Basi tukae kimya. Wakituuliza, tutasema kweli."

Logi alitukana kwa lugha yake, kisha akakubali. Mimi nilikuwa kwenye usukani na nilifikiri habari za Kavira. Sikuupenda uamuzi ule. Kama ningeulizwa, ningewauzia wale watu maji ya kuzuia mizinga. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Baada ya Alimbongo kijana mwenye bunduki na sweta la kike alitungoja. Tuliliacha gari, tukapanda kwa miguu katika mianzi, mawe ya sauna yakiwa ndani ya gunia mgongoni mwangu. Kambi ilikuwa vibanda vya nyasi na baridi nyingi. Komanda alikuwa mtu mwembamba, na Mama Kahindo alikuwa ametuambia kwamba zamani alifundisha darasa la tatu Luofu. Karibu naye alisimama mzee wao wa maji, na chupa shingoni. Hatukupeana mikono. Sheria yao inakataza kuguswa na mtu wa nje, na kuoga kwa sabuni pia inakataza, jambo ambalo pua iliniambia kabla ya kuambiwa.

Muzee Mbusa alitoka nyuma ya kibanda, bila viatu, amekonda.

"Mumechelewa," alisema. "Hawa batoto bamenichomea mawe ya kilima nzima. Kila siku nabaambia hapana, hii mawe ingali changa, tafuta ingine."

Alisema akicheka, lakini mikono aliificha kwapani.

Tulijenga kibanda kwa mianzi na hema la plastiki. Mawe yakaungua mpaka alasiri. Komanda alivua kila kitu, akaweka bunduki yake nje na bastola juu yake. Tukaingia: yeye, Dokta, Logi, na mimi, maana palihitajika mkalimani, na mkalimani naye alitakiwa kuvua. Dokta akamwaga maji. Mvuke ukapanda. Logi akamgusa Komanda mabegani kwa matawi, taratibu kama anapangusa vumbi kwenye kiti cha mgeni.

Tulikaa. Jasho lilitutoka. Ndani humo huwezi kujua nani ana cheo.

"Huku inje banaweza kusikia?" aliuliza Komanda.

Nilimwambia hapana, plastiki ni nzito na mawe yanapiga kelele.

"Hii dawa yenu inazuia risasi?"

Nilitafsiri.

"Hapana," alisema Dokta.

"Hapana," alisema Logi.

Komanda hakukasirika. Alipangusa uso. "Basi inafanyaka nini?"

Logi ndiye aliyejibu. "Inafanya watu wawili waliogombana wakae chumba kimoja."

Nikatafsiri, na Komanda akaanza kucheka, kicheko kidogo cha kifuani, cha mwalimu anayecheka akiwa amelipa darasa mgongo. "Mwaga tena," alisema. Dokta akamwaga. Komanda akasema, bila kumtazama mtu, "Nimechoka, bandugu." Hilo sikulitafsiri. Naamini walilielewa.

Tulipotoka, mzee wa maji alikuwa anangoja mlangoni.

"Maji alimwangiwa na mukono ya nani?"

Nilimwonyesha Dokta.

"Na majani? Nani alimugusa?"

Nilimwonyesha Logi. Mzee aliweka mikono kichwani akaketi chini. Komanda ameguswa na mgeni! Komanda ameoshwa! Dawa yote imetoka, na si yake peke yake, ya kambi nzima, maana aliyeibeba ni mkuu. Lazima aanze upya kumtengeneza, yeye na wote, na kazi hiyo haifanyiki karibu na watu waliobeba maji mengine. Hawa wazungu waondoke na mawe yao. Kisha akakumbuka jambo, akainuka.

"Na ule muzee wao! Si alisema aliingia humo zamani? Amekaa katikati yetu siku zote hizi!"

Vijana wenye bunduki waliruka mbali na Muzee Mbusa kama amewaka moto. Naye, nilimwona kwa macho yangu, tabia yake ikamrudia. Akanyoosha mkono kwa aliyekuwa karibu zaidi.

"Kwaheri, mwana wangu. Asante ya viazi."

Kijana akakimbia. Muzee Mbusa akamfuata mwingine. "Na weye kwaheri." Akakimbia pia, na wa tatu akaangusha kofia.

"Aondoke!" Komanda alipiga kelele, amejifunga taulo ya Dokta. "Bote baondoke! Mbio, sasa hivi!"

Kama alijua tangu mwanzo kwamba itakuwa hivyo, siwezi kusema. Alikuwa mwalimu, na walimu wanajua sheria za darasa lao. Lakini mimi sikuona jicho lake likisema lolote, na sitaliongeza hapa. Taulo alibaki nayo. Gari jeupe na masanduku ya barafu vilibaki pia.

Tuliteremka haraka, Muzee Mbusa akiegemea bega la Logi upande mmoja na mkono wa Dokta upande mwingine, ingawa kwa tofauti ya urefu wao alikwenda ameinama upande mmoja. Tulilala Lubero. Asubuhi nilipofungua mlango wa gari nikamkuta ameshakaa kwenye usukani.

"Muzee, pumzika. Nitaendesha."

"Kaa pembeni," alisema, "usikilize."

Aliendesha vizuri, polepole. Kwenye bariere ya kwanza alisimama kabla hajaambiwa, akateremsha kioo chote, akasalimia. Askari, ambaye alimfahamu, alimwuliza bazungu bake banasemaje leo. Muzee Mbusa alisema tu, "Bako." Kwenye ya pili akasema hivyohivyo. Hakutoa kichekesho hata kimoja mpaka Butembo, na nyuma mabalozi wawili walikaa wametazama nje, kila mmoja dirisha lake.

Tuliingia langoni mchana. Kavira alitoka jikoni. Dokta akashuka, Logi akashuka, mimi nikashuka. Muzee Mbusa hakushuka. Alikaa ameshika usukani kwa mikono miwili juu, wazi, injini ikinguruma.

"Papa, shuka."

"Nitashuka."

Hakushuka. Kavira alingoja kidogo. Kisha alipanda kwenye ngazi ya gari, akapitisha mkono mbele yake, akazima injini. Alishika mkono wake wa kushoto akaufungua kutoka kwenye usukani, kidole kimoja baada ya kingine. Akafanya hivyo na wa kulia. Kidole cha mwisho kilipoachia, mzee alivuta pumzi, akageuza uso upande wa jikoni.

"Umepika nini?"

"Sombe."

Akashuka.